Kiti cha mtoto kimegoma ndani ya ndege: dalili, sababu na la kufanya

Kila Desemba inapokaribia, maswali yanakuwa yaleyale kwa wazazi wanaoruka kutoka Minneapolis, Toronto, London au Muscat kwenda Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Unguja. Kiti cha gari cha mtoto niingie nacho ndani ya ndege, nikikabidhi pamoja na mizigo, au nikiache nyumbani? Hitilafu nazo hazibadiliki: mhudumu kakikataa mlangoni, mkanda haufiki, kiti hakipenyi kati ya viegemeo vya mikono, au kimefika salama lakini kwenye gari la mjomba kinacheza kama jino bovu. Nimezipanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana imetangulia, na ukaguzi rahisi umekuja kabla ya kazi ngumu.

Kabla ya hapo, msimamo wangu. Ndani ya ndege kiti kina kazi yake, lakini kazi kubwa zaidi inakisubiri nje ya uwanja, kwenye Barabara ya Nyerere au Mombasa Road, usiku, ndani ya teksi. Kwa hiyo kila uamuzi utakaoufanya kaunta au getini upime kwa swali moja: je, kiti kitafika kizima, na kitafungika kwenye gari litakalotupokea?

Ninaposema "kiti" namaanisha kile chenye mikanda yake chenyewe inayopita mabegani na mapajani, mtoto akitazama nyuma au mbele. "Kibebeo" ni kile cha mtoto mchanga chenye mpini wa juu. "Busta" ni cha kumwinua mtoto mkubwa ili mkanda wa gari umkae sawasawa, kiwe na mgongo au hakina.

Dalili: "Hiki hakiruhusiwi, mama"

Mara nyingi kosa si la kiti. Mtoto hana nafasi aliyolipiwa. Chini ya miaka 2 wengi husafiri kwa tiketi ya kupakatwa, na tiketi hiyo haimpi mtoto siti. Bila siti, kiti hakina pa kuwekwa. Ukaguzi wake ni wa dakika moja: fungua uthibitisho wa safari uone kama jina la mtoto lina namba ya siti yake. Kama halina, jaribu kumuuliza mhudumu wa getini, kabla ya watu kuanza kupanda, kama ndege ina nafasi tupu karibu yenu. Wapo wanaokubali. Hiyo ni hisani tu, usiijengee mpango wa safari ya saa kumi na tano.

Wazazi huniuliza kama kumpakata kuna ubaya wowote, maana inaruhusiwa. Inaruhusiwa, ndiyo. Tarehe 19 Julai 1989, DC-10 ya United Airlines, safari namba 232, ilianguka ilipokuwa ikijaribu kutua kwa dharura Sioux City, Iowa. Ndani yake walikuwamo watoto wanne wa kupakatwa. Kwa mwongozo wa siku hizo wazazi waliambiwa wawalaze watoto sakafuni, na mmoja wao, wa miezi 22, alikufa. Jan Brown, mhudumu mkuu wa ndege ile, alitumia miaka mingi baadaye kudai kila mtoto awe na siti na kiti chake. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inashauri hivyo lakini haijalazimisha. Hoja yake ni kwamba familia zikilazimishwa kununua tiketi ya ziada, baadhi zitaamua kwenda kwa gari, na barabarani hatari ni kubwa kuliko angani. Kwangu mimi mwenye uwezo wa kulipia siti ailipie. Asiye na uwezo asijione amemtupa mtoto, bali ahakikishe kiti kinafika kwa ajili ya barabara.

Sababu ya pili ni lebo. Mhudumu hana muda wa kusoma kitabu chako, anatafuta maandishi. Viti vya Marekani vina sentensi yenye wino mwekundu: "This restraint is certified for use in motor vehicles and aircraft." Vya Kanada vina alama ya jani la mepo pamoja na maelezo kwamba kinafaa kwenye ndege. Vya Ulaya vina lebo ya R44 au R129, yaani kanuni za usalama za viti vya watoto za huko, na mashirika kadhaa ya huko hutaka pia alama ya TÜV, wakaguzi wa usalama wa Ujerumani, isemayo "For use in aircraft". Pindua kiti chini juu siku chache kabla ya safari. Lebo hujificha chini ya kitambaa, ubavuni, au mahali ambapo maziwa yalimwagika mwaka juzi na maandishi yakafutika. Ipige picha. Kama imechanika au haisomeki, mwandikie mtengenezaji mapema uombe nyingine au barua. Lebo ya kuchapisha mwenyewe nyumbani usiithubutu.

Sababu ya tatu: umebadilisha shirika katikati ya safari bila kujua. Marekani, kanuni ya shirikisho inayoitwa 14 CFR 121.311 inalizuia shirika kukataa kiti kilichoidhinishwa ikiwa mtoto ana tiketi ya siti, uzito wake unaendana na kiti, na yupo mzazi au mtu mzima anayemsimamia. Kanuni hiyo inayafunga mashirika ya Marekani. Ukishuka Amsterdam au Doha na kupanda ndege ya shirika jingine, zinaanza kutumika taratibu za huyo mwingine, hata kama tiketi yote ilikatwa kwa jina moja. Angalia kwenye tiketi nani hasa anaendesha kila kipande cha safari, uandikie kila shirika barua pepe ukitaja modeli ya kiti na upana wake, kisha uchapishe majibu. Karatasi yenye nembo ya shirika hufanya kazi kuliko sauti ya juu.

Ya nne huwapata sana wanaotoka Uingereza na Ulaya. Kiti kinategemea ISOFIX (vyuma vya kunasia kiti cha mtoto vilivyojengwa kwenye siti ya gari), mguu wa kushikia sakafuni, au mkanda wa gari wenye sehemu ya begani. Siti ya ndege haina lolote kati ya hayo, ina mkanda wa kiunoni tu. Vile viti vizuri vya kuzunguka nyuzi 360 mara nyingi huangukia hapa, na ni vizito vya kukuvunja mgongo. Soma kwenye kitabu chake kama kinaweza kufungwa kwa mkanda wa kiunoni peke yake. Kama hakiwezi, hakuna ufundi utakaokisaidia angani, basi kipeleke na mizigo.

*Komea hapa:* mhudumu mkuu au rubani akishasema hapana, usibishane ndani ya ujia huku watu mia mbili wakikungoja. Kabidhi kiti getini, mkalishe mtoto mwenye siti kwa mkanda wa ndege (kama ni wa chini ya miaka 2 utampakata kwa utaratibu wao), na malalamiko uyaandike ukishatua. Rubani ana mamlaka ya kukushusha.

Dalili: busta imekataliwa

Hapa sababu ni moja na haina rufaa. Busta haimfungi mtoto. Inamwinua tu ili mkanda wa begani wa gari upite katikati ya bega badala ya shingoni. Ndege haina mkanda wa begani, kwa hiyo kumwinua hakumsaidii mtoto chochote, na kwa busta isiyo na mgongo katazo la Marekani ni la wazi wakati ndege inatembea ardhini, inapaa na inatua. Busta yenye mgongo nayo, kama haina mikanda yake ya ndani, haina lebo ya ndege.

Mtoto wa umri wa busta, yaani takribani kilo 18 kwenda juu, anakaa kwenye siti ya ndege na mkanda wa ndege, umebana chini kwenye nyonga na si tumboni. Busta yenyewe ni mzigo wa mkononi mzuri kuliko wote: isiyo na mgongo huingia kwenye kabati la juu au chini ya siti ya mbele, na za kukunja huingia kwenye begi la shule. Usiikabidhi kaunta. Ikipotelea njiani utafika Julius Nyerere au Jomo Kenyatta huna kitu, na ndiko ulikokuwa unaihitaji.

Kama mtoto yuko katikati, amechoka kiti kikubwa lakini bado anateleza chini ya mkanda wa ndege, kuna mkanda wa CARES, ulioidhinishwa na FAA. Ni kamba inayozunguka mgongo wa siti ya ndege na kumshika mtoto mabegani, kwa mwenye kilo 10 hadi 20 na urefu usiozidi sentimita 100. Unakunjika na kuingia kwenye mkoba wa mkononi. Ila ni wa ndege pekee, kwenye gari haufai hata kidogo, kwa hiyo swali la barabara linabaki palepale.

Dalili: kiti hakipenyi kati ya viegemeo

Anza na kuinua kiegemeo cha mkono. Inaonekana ni jambo dogo, lakini wazazi wengi husukuma kiti kwa goti dakika tano huku kiegemeo kikiwa chini. Kiinue, funga kiti, kisha kishushe kama kinashuka.

Kisipoinuka, huenda umewekwa safu ya kwanza yenye ukuta mbele, ambako meza ya chakula hukaa ndani ya kiegemeo na kiegemeo hakisogei. Wazazi huipenda safu ile kwa sababu ya nafasi ya miguu, lakini kwa kiti kipana ni mtego. Omba safu nyingine.

Sababu ya mwisho ni upana wenyewe. FAA inasema kiti kisichozidi inchi 16, sawa na sentimita 40 hivi, kitaingia kwenye siti nyingi za ndege. Pima nyumbani sehemu pana kuliko zote, pamoja na vishikilia vikombe, na uving'oe kama vinang'oka. Kwa ndege za Marekani, mwongozo wa FAA unalitaka shirika litafute siti nyingine ya daraja hilohilo kama kiti kilichoidhinishwa na kulipiwa hakikuingia kwenye siti ya kwanza. Sema hivyo kwa upole.

Daraja la juu silo suluhisho. Siti zake nyingi zimekaa kimshazari au zina mkanda wenye puto la hewa ndani, na kwenye mkanda wa aina hiyo kiti cha mtoto hakifungwi. Utaujua kwa unene wake. Mikanda hiyo hutokea pia kwenye baadhi ya safu za daraja la kawaida, hasa za mbele.

Dalili: umehamishwa safu ukishakaa

Kiti kimezuia njia ya mtu mwingine kutoka. Sehemu inayopendekezwa ni dirishani. Kwenye ndege kubwa zenye njia mbili za kupita katikati ya siti, siti ya katikati ya kundi la katikati nayo hukubalika. Hairuhusiwi safu ya mlango wa dharura, na mashirika mengi huzuia pia safu ya mbele na ya nyuma yake. Chagua siti mapema, na uangalie tena saa 24 kabla ya kuruka, maana ndege ikibadilishwa namba za siti huvurugika.

Dalili: mkanda haufiki, haukazi, au haufunguki

Hapa ndipo penye jasho. Tuanze na haufiki.

Kwanza, hakikisha umeupitisha njia yake. Viti vinavyotumika pande zote mbili vina njia mbili za mkanda, moja ya mtoto kutazama nyuma na nyingine ya kutazama mbele, na kwa kawaida zimetiwa rangi tofauti. Aliyekosea njia huona mkanda mfupi au kiti kinainama vibaya. Kibebeo nacho hufungwa bila lile tako lake la gari, kwa njia ya mkanda iliyo kwenye kibebeo chenyewe. Kama chako hakina njia hiyo, hakiingii siti ya ndege.

Pili, vuta mkanda wote kabla hujaanza. Mtu aliyekaa hapo kabla yako huenda alikuwa mwembamba akaukaza hadi mwisho. Geuza ule ulimi wa chuma usimame wima na mkanda utatoka wote. Ukiwa bado mfupi, muombe mhudumu kipande cha kuurefusha. Wanacho. Baada ya kukiweka angalia kifungo kimeangukia wapi, kwa sababu mara nyingine kipande hicho hukileta kwenye kona ya plastiki ya kiti na mkanda unashindwa kubana.

Haukazi: kiti kimefungwa lakini kinateleza. Piga goti ndani ya kiti, weka uzito wako, na mkono mwingine uvute ncha ya mkanda kwa mkupuo mmoja. Kipimo ni sentimita 2 na nusu: kishike kwenye njia ya mkanda, si juu, ukitikise. Kikicheza chini ya hapo kinatosha. Sehemu ya juu ya kiti kinachotazama mbele itainama kidogo hata ukifanya vizuri kiasi gani, maana ndege haina ndoana ya kamba ya juu, ile inayoshikiza kichwa cha kiti kwenye gari. Usiisumbukie kamba hiyo. Ifunge isining'inie.

Tatizo la kifungo kumchoma mtoto mgongoni ni la viti vinavyotazama mbele vyenye ganda jembamba, kwa sababu kifungo cha ndege huangukia katikati. Tandika blanketi jembamba la ndege juu ya kifungo, chini ya kitambaa cha kiti, kwa ajili ya raha tu. Kitu kinene nyuma ya mtoto hulegeza mikanda yake, kwa hiyo mto usiweke.

Haufunguki: hili hujulikana mmeshatua, watu wamesimama, na ndege yenu ya kuunganisha inaondoka baada ya saa moja. Kifungo cha ndege hufunguka kwa kuinua bapa lake, na bapa likitazama ganda la kiti halina pa kuinukia. Kinga ni kabla ya kufunga: zungusha upande mmoja wa mkanda nusu mzunguko ili bapa litazame upande wenye uwazi. Kama umeshanaswa, laza mgongo wa siti ya ndege nyuma, sukuma kiti cha mtoto kwa nguvu kuelekea nyuma na chini ili mkanda ulegee, kisha ingiza vidole. Mtoe mtoto kwanza. Ikishindikana kabisa, mwite mhudumu.

*Komea hapa:* usikate mkanda wa ndege, na usitie kisu, mkasi wala bisibisi ndani ya kifungo. Mkanda ukiharibika siti ile haiuziki mpaka fundi wa ndege aubadilishe, na ndege inaweza kuchelewa. Mkanda wa kiti cha mtoto ukikwaruzwa nao haufai tena.

Dalili: abiria wa mbele analalamika

Mtoto akitazama nyuma, ganda la kiti huzuia siti ya mbele kulala. Akitazama mbele, miguu yake inafika sawa na mgongo wa abiria, na huyo atapigwa mateke hadi Addis Ababa. Njia rahisi kuliko zote ni mmoja wenu kukaa siti ya mbele ya mtoto. Ikishindikana, angalia kama kitabu cha kiti kinaruhusu kukisimamisha zaidi kidogo kwa mtoto wa umri wake, na viatu vya mtoto vitolewe. Abiria akisukuma siti kwa nguvu, usimalizane naye mwenyewe, mwite mhudumu. Kwa mtoto aliyevuka kilo 9, FAA inakubali atazame mbele ndani ya ndege hata kama kwenye gari anatazama nyuma, mradi kiti chenyewe kinaruhusu uzito na umri huo. Akishaingia kwenye gari, rudisha kama zamani.

Dalili: umekabidhi kiti getini na mlipotua hakipo

Kwa safari ya kipande kimoja, kitu kilichokabidhiwa getini hurudishwa mlangoni au huletwa kwenye mkanda wa mizigo. Kwa safari ya viunganishi, mara nyingi hupewa tagi ya hadi mwisho wa safari, na wewe unakingoja Dubai bure. Soma tagi kabla hujaiachia: herufi tatu zilizoandikwa juu yake ndiko kinakokwenda. DAR, NBO, ZNZ, MBA, hizo unazijua. Kama unakihitaji katikati ya safari, sema kabla ya tagi kubandikwa.

Wenye kuunganisha kwa ndege ndogo kwenda Unguja, Pemba au Mafia wawe na tahadhari nyingine. Ndege za aina ya Cessna Caravan kwa kawaida hupokea kilo 15 tu za mzigo, tena kwenye begi laini. Kiti kikubwa kinaweza kula posho yako yote au kubaki Dar. Piga simu kabla, au panda boti.

Dalili: kiti kimefika kimepasuka, au hakikufika

Ubaya wa kiti kilichopigwa ni kwamba hakisemi. Kwa nje kizima, ndani povu jeupe la kufyonza kishindo limekatika. Kabla hujaondoka ukumbi wa mizigo, vua kitambaa. Tazama povu, tazama ganda kwa mwanga wa simu hasa kwenye kona na karibu na njia za mkanda, kunja ganda kidogo usikilize mlio, funga na ufungue kifungo mara kadhaa, vuta mikanda. Ukiona ufa hata wa unywele, au plastiki imegeuka nyeupe mahali ilipokunjwa, kiti kimekwisha. Hakiziwi kwa gundi, hakishonwi na fundi viatu, na hakigawiwi kwa jirani.

Nenda dawati la mizigo la shirika ukiwa bado ndani, uandikishe taarifa ya hasara, upate namba yake na nakala. Chini ya Mkataba wa Montreal, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, malalamiko ya mzigo ulioharibika yaandikwe ndani ya siku 7 tangu uupokee, na ya uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipofika. Kikomo cha fidia ya mizigo tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria (SDR ni fedha ya kihesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF). Picha za kiti kikiwa kizima, ulizozipiga siku ya kupaki, pamoja na risiti, ndizo zitakazokusemea. Kaunta wakikupa karatasi ya kukubali kwamba shirika halitawajibika, isome kabla ya kutia sahihi.

Kupunguza uwezekano: kama lazima kiende na mizigo, sanduku lake la dukani lenye vishikio vyake ndani hukilinda kuliko mfuko mwembamba wa nailoni, ambao kazi yake kubwa ni kuzuia uchafu na kamba kunaswa.

Dalili: kwenye gari la nyumbani kiti kinacheza

Sababu ya kwanza haina uhusiano na kiti. Vifungio vya mikanda vya nyuma vimemezwa na kava za viti. Probox, Noah na Ist nyingi zina mikanda mizima, ila mwenye gari alivalisha kava akaifunika tangu siku ya kwanza. Ingiza mkono katikati ya tako na mgongo wa siti. Mpigie simu anayekuja kukupokea kabla hujaruka, mwambie avitoe juu na ajaribu kila kimoja kama kinashika.

Sababu ya pili huwapata waliotoka Marekani. Magari ya huko yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 yana mkanda unaojifunga wenyewe kwa ajili ya kiti cha mtoto. Magari yetu mengi yametoka Japani, na mkanda wake mara nyingi hushika tu pale gari linapofunga breki ghafla. Siku nyingine zote unateleza. Jaribu hivi: vuta mkanda polepole mpaka mwisho, kisha uachie urudi. Ukisikia ta-ta-ta-ta na hautoki tena, unajifunga. Ukirudi kimyakimya na kutoka tena bila shida, haujifungi, na kiti chako kitalegea kila kona ya barabara.

Dawa yake ni kibano kilichojengwa ndani ya kiti, ambacho viti vingi vipya vinacho, au kipande cha chuma chenye umbo la herufi H kinachouzwa na watengenezaji wa viti. Kipande hicho hushika kwa pamoja mkanda wa kiunoni na wa begani, si zaidi ya sentimita 2 na nusu kutoka kwenye ulimi wa mkanda. Tafuta kama unacho nyuma ya kiti, na kama huna, kinunue kabla ya safari. Jizoeze sebuleni ukiwa na kitabu, usingoje giza la maegesho ya uwanja wa ndege.

Kuhusu ISOFIX, magari mengi ya mwanzo wa miaka ya 2000 hayana. Usikitegemee kiti kisichofungika kwa mkanda wa kawaida. Katikati ya siti ya nyuma kukiwa na mkanda wa kiunoni tu, viti vingi vya Marekani vyenye mikanda yake vinaweza kukaa hapo, angalia kitabu, lakini busta kamwe. Busta inataka mkanda wa begani. Na kiti kinachotazama nyuma hakikai siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi.

*Komea hapa, umwite fundi au ubadili gari:* mkanda umekatika nyuzi, haurudi ndani, kifungio kinashindwa kushika hata kama ni mara moja tu kati ya kumi, au siti yenyewe ya nyuma inang'oka ukiitikisa. Mikanda ya gari hubadilishwa na fundi wa gari kwa mkanda mzima, haiungwi kwa cherehani. Kwa kiti chenyewe, wa kuulizwa ni mtengenezaji wake, na walioko Marekani wana mafundi waliothibitishwa wa viti vya watoto, wengi wakiwa kwenye vituo vya zimamoto na hospitali, wanaokagua ufungaji wako bila malipo. Nenda kwao kabla ya safari, na uwaambie gari utakalolikuta huko lina mkanda wa namna gani.

Dereva wa teksi akikwambia hana muda wa kungoja kiti kifungwe, mlipe alichokwisha kupoteza na uite mwingine.